Nani akutafutie nyumba ya paka uliyemwokota? Njia nne kwenye mizani

Ukitaka kujua kama huduma ya kumtafutia nyumba paka wa kuokotwa imekomaa, iulize swali moja: nyumba mpya ikishindwa naye, anarudi wapi? Anayekujibu "anarudi kwetu, iwe kesho au baada ya miaka mitatu" ana mpango. Anayekuambia "wetu hawarudishwi" hafuatilii, na ndiyo maana hana habari za waliorudishwa.

Mwokoaji wa kawaida ana njia nne mbele yake: makazi ya wanyama (vituo vinavyopokea wanyama wasio na wenyewe), tangazo analoweka mwenyewe mtandaoni, kliniki ya mifugo, na kikundi cha walezi wa muda wanaokaa na paka majumbani mwao mpaka apate wa kumchukua moja kwa moja. Tumezipima kwa yale yanayoamua kama paka atakuwa bado yumo kwenye nyumba hiyo mwakani: ukaguzi wa afya, maswali anayoulizwa mpokeaji, namna ya makabidhiano, na nani anapokea simu mambo yakiharibika. Nyota hatutoi. Njia inayomfaa kitoto cha wiki 10 inaweza kumvuruga kabisa paka wa miaka 8 mwenye woga.

Kwanza, je, hana mwenyewe?

Huduma inayojiheshimu humtafuta mwenye paka kabla ya kumtafutia mwenye mpya. Paka aliyenawiri, anayejisugua miguuni bila kuitwa, mara nyingi ni wa nyumba ya tatu kutoka kwako na anakula milo miwili kwa siri. Hata aliyekonda anaweza kuwa alipotea miezi kadhaa iliyopita, na huenda kuna mtu bado anamtafuta.

Angalia chipu inavyosomwa, maana hapo uzembe haujifichi. Chipu ina ukubwa wa punje ya mchele, hudungwa chini ya ngozi katikati ya mabega, na kilichomo ni namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15. Haina betri wala haionyeshi paka yuko wapi. Huamka pale tu kisomeo kinapopita karibu. Sasa, chipu huhama. Inaweza kuteremka hadi begani, kwenye kiwiko au kifuani. Mtu anayepitisha kisomeo mara moja mgongoni na kusema "hana" hajamkagua. Kisomeo kinatakiwa kipite polepole, karibu kiguse manyoya, kuanzia shingoni hadi kiunoni, kisha ubavu huu na ule, kisha kifuani, na zoezi zima lirudiwe. Paka atolewe kwenye tundu la chuma na kola yenye vyuma ivuliwe, kwa sababu chuma huvuruga usomaji. Namba ikipatikana, kazi ndiyo kwanza imeanza: namba isiyosajiliwa haimfikishi mtu popote, na simu iliyosajiliwa inaweza kuwa ya zamani.

Masikio nayo yanasema. Ncha ya sikio moja iliyokatwa kwa mstari ulionyooka si kovu la ugomvi. Ni alama kwamba paka huyo alishakamatwa, akahasiwa na kurudishwa alikotoka, na yawezekana kabisa kuna mtu anayemlisha kila siku. Kwa asiye na alama yoyote, mbinu nyepesi ni kumvalisha shingoni ukanda wa karatasi wenye namba ya simu na maneno "Je, paka huyu ni wako?" anapokuja kula. Uwe wa karatasi, usiwe wa kamba, ili ukinaswa kwenye tawi uchanike.

Makazi ya wanyama

Faida ya makazi ni daktari, chanjo na watu wanaoingia mlangoni wakiwa tayari wanataka paka. Kuna ya aina mbili, na ni muhimu ujue unampeleka kwa nani. Yapo yanayopokea kila mnyama anayeletwa; hayakufungii mlango, ila yakijaa hulazimika kuchagua, na mahali pengi chaguo hilo ni sindano ya kumlaza usingizi wa milele. Yapo yanayopokea kadiri nafasi inavyoruhusu. Hayaui kwa kukosa nafasi, lakini utawekwa kwenye orodha ya kusubiri huku paka akiwa bafuni kwako. Aina zote mbili zina kazi yake. Kosa ni kumwacha paka mlangoni usiku bila kuzungumza na mtu, kwa kuwa anaingia kwenye kumbukumbu bila historia yoyote: hakuna ajuaye kama anapenda watoto, anaogopa mbwa, au alikuwa akila nini.

Waulize wanampa paka mwenye hofu siku ngapi kabla ya kuamua kwamba ni wa porini. Paka wa nyumbani aliyetishika na paka asiyewahi kuzoea watu hufanana sana siku za mwanzo: wote hujibana kona, hulaza masikio, mboni hutanuka, hufoka. Tofauti hujitokeza baada ya siku kadhaa, tena akipewa boksi la kujificha. Boksi la katoni lililokatwa tundu ubavuni hupunguza msongo wa paka wa makazini waziwazi. Ukiona vizimba vitupu vyenye bakuli na trei tu, paka wote wamejikunja ndani ya trei ya mchanga wa choo, jua kwamba hapo hata jambo la bei ya katoni halijafanyika. Katika vizimba vya namna hiyo paka mwoga hafunguki, na asipofunguka hachukuliwi, maana wageni humchagua anayesogea kwenye wavu.

Magonjwa ndiyo pigo la pili. Paka wengi chini ya paa moja maana yake ni mafua ya paka. Virusi vya hepesi vinavyosababisha sehemu kubwa ya mafua hayo hubaki mwilini maisha yote na huamka paka akipata msongo, kwa hiyo paka aliyetoka makazini akiwa mzima huweza kuanza kupiga chafya na kutokwa machozi wiki ya kwanza kwenye nyumba mpya. Mpokeaji aambiwe hilo mapema, la sivyo atadhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Panlukopenia ni habari nyingine. Huua vitoto haraka, hukaa mwilini siku 2 hadi 10 kabla dalili hazijaonekana, na virusi vyake huweza kudumu sakafuni na kwenye vitambaa hadi mwaka mzima. Sabuni haiviui, vinahitaji dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 32 za maji, kwenye sehemu iliyokwisha kusafishwa uchafu, ikae dakika 10. Ndiyo maana makazi yanayojali humtenga mgeni siku 14. Yanayomchanganya na wengine siku hiyohiyo yana bahati tu, na bahati hukatika.

Kwa ufupi: makazi yanawafaa vitoto vilivyozoea watu na paka wakubwa wasio na haya. Kwa mwoga, mzee au mwenye ugonjwa wa kudumu, tafuta kwingine kwanza.

Tangazo la mtandaoni unaloliweka mwenyewe

Njia hii ina kasi kuliko zote. Simu zinaweza kuanza kuingia kabla hujapoza chai. Ubaya wake ni kwamba hakuna mtu kati yako na anayepiga, kwa hiyo kila kazi ya kuchuja unaibeba wewe.

Tuanze na tangazo lenyewe. Picha ipigwe mchana karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, simu ikiwa usawa wa macho ya paka. Picha za kutoka juu humfanya aonekane mdogo na mwenye hofu. Tatu zinatosha: uso, mwili mzima kwa ubavu, na moja akiwa amelala kwenye kiti au kitanda, ili mtu amwone kama paka wa ndani. Paka mweusi mwekee kitambaa cha rangi nyepesi nyuma yake, vinginevyo picha itakuwa macho mawili kwenye kiza. Kwenye maandishi weka umri wa kukadiria, jinsia, kama amehasiwa, chanjo na vipimo alivyopata, anavyowachukulia mbwa na watoto, na kasoro yake moja ya kweli. Usiiruke hiyo kasoro. "Hukwaruza sofa akichoka kucheza" huondoa nusu ya wapigaji, nao ni wale ambao wangemrudisha wiki ya pili.

Kuhusu jinsia, usibahatishe. Vitoto vidogo huwachanganya hata wazoefu. Inua mkia utazame umbali kati ya matundu mawili: kwa jike yako karibu na la chini ni kama mfereji mwembamba wima, kwa dume yameachana na la chini ni duara dogo. Rangi nayo husaidia. Paka mwenye madoa meusi na ya rangi ya chungwa pamoja karibu daima ni jike; wa rangi ya chungwa tupu mara nyingi ni dume, ingawa majike wapo wa kutosha.

Neno "bure" usiliandike. Linawavuta wanaokusanya wanyama ili wawauze, wanaolisha nyoka wao, na wanaowafunzia mbwa wa kupigana. Weka mchango unaokaribia gharama ya chanjo na kuhasiwa. Anayeona hicho ni kingi hatamudu daktari paka akiugua. Kuna dalili ambazo tukiziona tunakata mazungumzo: mtu anamtaka leo hii hii, hana swali hata moja kuhusu paka, anataka "wowote ulionao, hata watatu", au hataki ufike kwake na anaomba mkutane barabarani. Dalili moja inaweza kuwa na maelezo. Mbili, mwache.

Maswali ya ndiyo na hapana hayafai, kwa sababu kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Uliza "paka wako wa mwisho aliishia wapi?" kisha unyamaze. Jibu la "alizeeka, figo zikamsumbua, tukampeleka kwa daktari" na lile la "sijui, alipotea, kama yule wa kabla yake" yanakupa picha ya nyumba bila kuhitaji swali la pili. Uliza usiku wa kwanza atalala chumba gani, nani atambadilishia mchanga mpokeaji akisafiri wiki mbili, na nani humo ndani hapendi paka. Kama nyumba ni ya kupanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. "Hana shida" ya mdomo huyeyuka siku mkataba wa pango unapofanywa upya.

Mambo mawili hurudisha paka wengi bila sababu ya msingi, na mtoa tangazo asiyejua hana la kujibu. La kwanza ni mzio. Kinachowasha ni protini zilizomo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka, hasa Fel d 1, kwa hiyo paka wa manyoya mafupi haponyi chochote. Mwenye historia ya mzio aje akae na paka huyo saa nzima, aondoke, arudi siku nyingine akae tena, kabla ya kusaini. La pili ni ujauzito. Vijidudu vya toksoplazma vinavyotoka na kinyesi cha paka vinahitaji angalau siku moja nje ya mwili kabla havijaweza kuambukiza. Mchanga ukizolewa kila siku na mtu mwingine, au mjamzito akivaa glavu na kunawa, na paka asilishwe nyama mbichi, hakuna haja ya kumfukuza.

Njia hii inamfaa mwokoaji mwenye muda, chumba cha ziada na ujasiri wa kusema hapana kwa mtu mwenye heshima zake. Asiye na moja kati ya hayo atamtoa paka kwa uchovu.

Kliniki ya mifugo

Hapa tusikae sana. Wahudumu wa kliniki wanajua nani huleta wanyama wake kwa wakati na nani amefiwa na paka wake mzee hivi karibuni, na taarifa hiyo ina thamani kuliko matangazo hamsini. Mpe daktari picha na maelezo mafupi ayabandike. Kumwacha paka pale ni jambo jingine: vizimba vya kliniki viko jirani na wagonjwa na mbwa wanaobweka, na paka mzima hukaa humo kama mfungwa. Itumie kama mdomo wa kukusemea.

Walezi wa muda

Kama lipo kundi la namna hii linaloweza kumpokea paka wako, anza nalo. Ni la polepole. Wiki 4 hadi 8 kwa paka mkubwa ni jambo la kutarajia, na wengine huchukua miezi. Lakini ndiyo njia pekee ambayo paka anaonekana akiwa ndani ya nyumba ya watu, mashine ya kufulia ikinguruma, mtoto akilia, mlango ukigongwa. Mlezi anaweza kukuambia kwamba huyu hujificha wageni wakija lakini hutoka baada ya nusu saa. Kwamba hataki kubebwa ila hulala miguuni. Kwamba trei yenye kifuniko haingii. Hakuna dakika 10 za kutazamana kupitia wavu zitakazokupa hayo.

Kwa vitoto tofauti ni kubwa zaidi. Dirisha la kitoto kuzoea watu liko kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi. Aliyeshikwa, akaongeleshwa na kucheza na watu tofauti katika kipindi hicho huwa paka wa watu. Aliyekosa, kila wiki inayoongezeka ni kazi zaidi. Mlezi anayejua kazi hulishia mkononi, huwaalika watu wa sauti na umri mbalimbali, na havitengi vitoto na mama na ndugu zao kabla ya wiki 8. Wiki 12 ni bora: ndugu ndio wanaofundishana kwamba kung'ata kuna mpaka. Kitoto kilichokulia peke yake mara nyingi hugeuza mikono ya watu kuwa windo, na ndiyo sababu makundi mazuri husukuma watu wachukue wawili, au wakipeleke kwenye nyumba yenye paka kijana.

Upande wa afya, hiki ndicho tunachotaka kukiona kwenye kadi. Siku za mwanzo: chipu, uzito, viroboto, masikio, dawa ya minyoo. Vitoto hupewa dawa ya minyoo ya kawaida kila wiki 2. Tegu wanataka dawa yao tofauti, na usiposhughulikia viroboto tegu watarudi, kwa kuwa paka humeza viroboto akijilamba. Dawa za viroboto za mbwa zenye pemetrini ni sumu kwa paka na huua, hata kwa tone la "kidogo tu". Chanjo kuu huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16 au zaidi. Ya kichaa cha mbwa huanzia wiki ya 12 hivi. Choa nacho kitafutwe: vipande vya ngozi visivyo na manyoya, hasa usoni, masikioni na miguuni. Huambukiza watu, na familia itakayopata mabaka wiki ya kwanza itamrudisha paka pamoja na hasira zake.

Kwenye vipimo vya FIV (virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka) na FeLV (virusi vya lukemia, yaani saratani ya damu, ya paka) ndipo unapotofautisha wajuzi na wakisiaji. Kipimo cha haraka cha FIV hutafuta kingamwili, na kitoto huweza kubeba za mama yake. Kikitoka chanya kabla ya miezi 6, hurudiwa baada ya umri huo kabla ya kutoa hukumu. FIV huenea zaidi kwa meno yaliyozama wakati wa ugomvi, na paka mwenye nayo aliyehasiwa na kukaa ndani anaweza kuishi miaka mingi na vizuri. FeLV ndiyo ya kuogopwa zaidi: hupita kwa mate, kulambana, bakuli moja. Mwenye nayo apate nyumba asikokuwepo paka mwingine, au wenzake wawe nao wanayo. Majibu ya FeLV yakitoka hasi na hujui alikotoka, pima tena baada ya siku 30 au zaidi. Wala virusi hivyo haviwaambukizi binadamu. Kundi linalowakataa paka wa FIV wote kwa sababu ya "ukimwi wa paka" halijafuatilia kazi yake.

Na kuhasi kufanyike kabla ya kumtoa. Ahadi ya mpokeaji kwamba "tutampeleka akikua" ni tundu ambalo vitoto vipya hupitia. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4, mimba ni siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Madaktari wengi wenye uzoefu huhasi vitoto vyenye afya vikifika wiki 8 na uzito wa karibu kilo 1. Dume aliyehasiwa karibuni bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asiwekwe na jike mzima.

Ubaya wa walezi wa muda? Kujaza. Nyumba yenye paka 15 na mlezi mmoja ni makazi yasiyo na daktari. Uliza kila mlezi ana wangapi, kama kuna chumba chenye mlango cha kuwatenga wageni, na nani hulipa bili. Kasoro nyingine ni mapenzi: mlezi aliyemzoea paka huanza kuwakataa wapokeaji wazuri kwa sababu ndogo ndogo, na paka hukaa mwaka mzima mahali palipokusudiwa kuwa pa muda. Kundi lililo imara humpa mtu mwingine, siyo mlezi, neno la mwisho.

Nani amfae nani

Wapokeaji wengi huja na picha ya kitoto kichwani. Huduma nzuri huwageuza kwa upole. Mtu mzima anayetaka mwenza wa kukaa naye kimya anamfaa paka wa miaka 5 na kuendelea, ambaye tabia yake inajulikana. Kitoto kitamtoa jasho na kumtegua mguu. Nyumba yenye mtoto wa miaka 2 haimfai paka mwoga, na haikifai pia kitoto cha wiki 8 chenye mifupa kama njiti. Anayeshinda kazini saa 10 na hana paka mwingine achukue paka mkubwa au wawili waliozoeana. Waliozoeana kweli unawajua: hulala wameegemeana, hulambana vichwa, na ukimtoa mmoja mwingine huacha kula au huzunguka akilia. Hao kuwatenganisha ili "waondoke haraka" ni kujitafutia marejesho mawili badala ya moja.

Mkataba, majaribio na siku ya kumkabidhi

Karatasi moja inatosha. Iseme paka atakaa wapi, kwamba akishindikana anarudi kwa aliyemtoa na hapewi mtu wa tatu, na kwamba kuna kipindi cha majaribio cha wiki 2, au bora siku 30. Iseme pia nani anabadilisha usajili wa chipu. Hili husahaulika kuliko lolote: paka anapotea mwaka wa pili, chipu inasomwa, simu inalia kwa mlezi wa zamani aliyebadilisha namba. Libadilishwe palepale kabla ya kutoka mlangoni.

Anayemfikisha aitazame nyumba kwa jicho la paka. Madirisha ya ghorofani yawe na wavu ulioshikiliwa kwa skrubu, usio wa kubandika. Paka huanguka wakikimbiza ndege. Maua ya jamii ya yungiyungi yatolewe kabisa, kwani hata chavua iliyolambwa kwenye manyoya huharibu figo. Parasetamoli isiachwe mezani. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Mfuko wa makabidhiano uwe na chakula kilekile alichozoea cha siku 7 hadi 10, kibadilishwe kidogo kidogo kama kipya kinakuja. Blanketi lake lisilofuliwa. Kadi ya chanjo. Na mchanga kiasi cha vikombe viwili kutoka trei yake, wenye harufu yake, umwagwe juu ya mchanga mpya. Harufu hiyo humwonyesha choo kilipo kuliko kumbeba mara kumi. Kreti ya kubebea iwe ngumu na yenye kufunguka juu, ifunikwe taulo njiani.

Aanzie chumba kimoja. Trei kona moja, chakula kona nyingine, mahali pa kujificha katikati yao. Trei ziwe idadi ya paka jumlisha moja, urefu wake mara moja na nusu ya paka, mchanga wa kina cha sentimita 3 hadi 5. Paka akianza kukojoa nje ya trei, fuata mlolongo huu kabla ya kumlaumu: daktari, usafi wa trei, mahali ilipo, aina ya mchanga, kisha msongo. Dume anayeingia na kutoka kwenye trei akijikamua bila mkojo anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mrija ulioziba huua kwa siku chache.

Kujificha siku 3 ni kawaida. Kutokula si kawaida. Paka mkubwa aliyepitisha saa 24 bila kula apigiwe simu, na akifika saa 48 apelekwe, kwa sababu mwili wa paka asiyekula huvunja mafuta kwa kasi ambayo ini haiwezi, hasa kwa wanene. Kama kuna paka mwenyeji, wasionane wiki ya kwanza. Badilishaneni vitambaa vya kulalia, walishwe pande mbili za mlango uliofungwa, kisha waonane kupitia upenyo. Kuwaweka sebuleni "wamalizane" ndiyo chanzo cha marejesho mengi yanayoandikwa "hawapatani". Asitoke nje kabla ya wiki 3 au 4.

Huduma makini hupiga simu siku ya 2, ya 7 na ya 30. Siku ya 2 huuliza anakula na anakojoa. Ya 7, analala wapi. Ya 30, ni nini kinachowakera. Hilo la mwisho liulizwe hivyo hivyo, kwa sababu ukiuliza "anaendeleaje?" utaambiwa "mzima" hata kama anaandaliwa kurudishwa.

Asiyetaka sebule

Paka shume aliyekua mtaani bila kuguswa na mtu hatafutiwi kochi. Kumfungia ndani humpa maisha chini ya kitanda, na huduma inayoahidi "atazoea tu" inamtesa yeye na mpokeaji. Chaguo la kwanza ni kumkamata kwa mtego wa tundu, kumhasi, kumchanja, kukata ncha ya sikio na kumrudisha palepale penye anayemlisha. Kama pale pamevunjwa au ni hatari, atafutiwe ghala, zizi au karakana yenye mwenyeji anayekubali kulisha kila siku na kumpeleka kwa daktari inapobidi. Wapelekwe wawili au zaidi wanaojuana. Wafungiwe kwenye tundu kubwa ndani ya jengo hilo wiki 3 hadi 4, lenye trei, maji, boksi la kujificha na shuka la kulifunika upande mmoja, wakilishwa saa ileile kila siku na mtu yuleyule kwa mluzi au mlio uleule wa bakuli. Siku ya kuwafungulia, usiwatoe. Acha mlango wazi jioni baada ya mlo mdogo, boksi na chakula vibaki humo ndani kwa wiki mbili zaidi. Anayefunguliwa wiki ya kwanza hujaribu kurudi alikotoka, hata kwa kuvuka barabara kuu.